Kumfundisha Mama Kijiko Kupenda

Mimi ni dobi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniuliza cheti. Mwaka wa kumi na tisa huu nafua mashuka ya hospitali, foronya, mataulo, na yale magauni ya wagonjwa yanayofungwa kamba kwa nyuma. Lugha ya nchi hii nimeiokota humo humo, kwenye maboksi ya sabuni na midomoni mwa wasimamizi. Naielewa, naijibu, na nikikasirika naitukania vizuri tu. Lakini ukalimani sikusomea. Siku waliyokuja kuniuliza kama naweza kumtafsiria mwenzangu, ningesema hapana, labda mambo yangekuwa mengine. Nikasema naweza. Kiherehere changu.

Mwenzangu huyo tulimwita Mama Kijiko. Mtoto wake alipokuwa mdogo alikataa katakata kulishwa mpaka ashike kijiko mwenyewe, basi jina likamganda, na mama naye likampata. Walikuja huku miaka mitatu iliyopita, wao wawili tu. Baba aliondoka zamani, tusimpotezee muda. Mama Kijiko alipangiwa meza ya pasi mkabala na yangu. Mwanamke mwembamba, mikono mirefu, hana maneno mengi mpaka aanze kufoka. Shuka la mwenzake likitoka na mkunjo analichukua kimya kimya, analinyoosha upya, halafu anakukazia macho. Wasichana wa pale walimwogopa. Mimi nilimpenda siku ile ile ya kwanza, maana aliniambia, "Dada, unakunja kama mtu aliyelazimishwa," na ilikuwa kweli.

Kwake nilikuwa naenda sana. Chumba kimoja na jiko, ghorofa ya tatu, kitanda kimoja cha wote wawili, kamba ya nguo juu ya beseni. Kila asubuhi Kijiko alisimamishwa dirishani penye mwanga akakaguliwa masikio, shingo, kucha, meno, kola. Huku anasemwa. "Hii shingo ni yako au umeazima kwa fundi gari? Geuka. Simama wima, au mifupa umeiacha kitandani?" Mtoto anacheka chini chini, anageuka. Akitoka hapo amesuguliwa mpaka anang'aa kama sahani. Kisha mama anamfunga viatu mafundo mawili mawili, anamsukuma kidogo mgongoni, "Haya, potea," na yule anashuka ngazi huku anaimba.

Sijawahi kumsikia Mama Kijiko akimwambia yule mtoto kwamba anampenda. Wala mimi mama yangu hakuniambia. Nina miaka hamsini na sita, mama yangu kaburini miaka kumi na mmoja, na kama nitasema ukweli, bado nasubiri aniambie nimefanya vizuri. Kwa hiyo msidhani nawatetea wa kwetu kwa kila kitu. Nasema tu kilichotokea.

Kilichotokea ni kiatu. Kijiko alikuwa na miaka saba, akarudi shule na kiatu kimoja. Mimi nilikuwepo, nimekaa kitandani nakunywa chai.

"Cha pili kiko wapi?" mama yake akauliza.

"Sijui."

"Mguu ulikuwa nao, au ulitembea peke yake?"

"Tulivua tucheze. Kikapotea."

Viatu vyenyewe vilikuwa na wiki mbili. Mama Kijiko akafoka mpaka jirani akagonga ukuta. Mwisho akasema, "Kesho ukirudi hapa bila kiatu, nitakuua. Umenisikia? Nitakuua kwa mikono yangu hii." Halafu akampakulia chakula, akamwongezea kipande chake mwenyewe cha nyama, akakaa kushona kifungo cha sare yake. Mimi nikaendelea na chai yangu. Neno hilo nani hajaambiwa? Mimi mama yangu kaniua labda mara elfu moja, na shangazi zangu wakamsaidia. Hakuna hata siku moja niliyodhani nitakufa. Nilichojua ni kwamba leo kuna maneno, basi.

Kesho yake kiatu hakikuonekana. Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia Kijiko akagoma kutoka darasani. Mwalimu akachuchumaa, akamwuliza kuna nini. Mtoto akamjibu kwa lugha yao, ambayo alishaishika kuliko sisi sote, kwamba hawezi kwenda nyumbani, mama atamwua. Mwalimu akamwuliza kama mama amesema hivyo kweli. Ndiyo, kasema kwa mikono yake. Neno lile kwa lugha yao halina chai pembeni wala kipande cha nyama. Ni kuua tu.

Siku ile Kijiko hakurudi nyumbani. Waliomchukua walikuwa watu wa ofisi ya watoto, na asubuhi wakatuita sisi wawili.

Chumba kilikuwa na meza ya duara na boksi la karatasi laini za kufutia machozi, limewekwa katikati kabisa. Upande wa pili alikaa mwanamke wa makamo, nywele fupi, sauti ya upole, na kalamu. Jina lake alilitaja, mimi nikamwita Bibi Kalamu, na ndilo nililokaa nalo. Akaniambia nitafsiri kila kinachosemwa, nisiongeze, nisipunguze. Nikakubali. Nikajiona mtu mkubwa.

Akauliza kama ni kweli alimwambia mtoto wake kwamba atamwua. Nikatafsiri. Mama Kijiko akanitazama kama nimemwuliza kama anapumua.

"Si nilimwambia. Wewe ulikuwepo."

Nikasema, anasema ndiyo, alimwambia.

"Kwa mikono yake?"

"Sasa kwa mikono ya nani?" akasema Mama Kijiko. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaitafsiri hiyo nayo, neno kwa neno, na sauti yake nikaiweka.

Bibi Kalamu akauliza kama amewahi kumpiga. Akasema ndiyo, vibao vya mkono mara mbili tatu, na siku mtoto alipokimbilia barabarani bila kuangalia alimchapa mapaja mpaka yeye mwenyewe akalia. Nikatafsiri. Mama Kijiko hakuficha kitu maana hakuona cha kuficha. Aliyeulizwa swali na watu wa serikali akajibu kweli, atafanywa nini? Ndivyo alivyofikiri, na ndivyo nilivyofikiri mimi niliyekaa nchi hii miaka yote hiyo. Kalamu haikupumzika.

Ni baadaye, tuko koridoni, ndipo akili iliponirudia. Nikamfuata Bibi Kalamu. Nikamwambia, mama, hilo neno kwetu ni kama kusema nimechoka na wewe. Linasemwa kila siku, na aliyelisema ndiye huyo huyo anayekupikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakunidharau. Akasema ananielewa, lakini lazima aandike kilichosemwa. Akaniuliza, na vibao je, hivyo navyo ni namna ya kusema?

Wakaamua hivi. Kijiko akae kwa mama wa muda, mbali kidogo, upande wa pili wa mji. Mama yake amwone kila Alhamisi saa kumi mpaka saa kumi na moja, ofisini kwao, mtu akiwa anaangalia. Baada ya wiki nane kuwe na kikao: mtoto arudi, au abaki huko. Mimi niwepo kutafsiri, kwa sababu Mama Kijiko alimkataa mkalimani wa kwenye simu. Alisema yule anamkoromea.

Alhamisi ya kwanza alifika saa tisa. Kabeba kikata kucha, kitana, mafuta ya nywele na kitambaa. Chumba chao kilipakwa rangi ya manjano, na kulikuwa na zulia, midoli, viti vidogo vya kukalia watoto, na Bibi Kalamu pembeni. Kijiko akaletwa na mama wa muda, mwanamke mnene mwenye uso wa huruma, ambaye aliondoka akasubiri nje. Mtoto akakimbia mpaka katikati ya chumba, akasimama, akainamisha macho, mikono nyuma, kama anavyosimama mtoto mwenye adabu mbele ya mkubwa wake.

"Nani kakusuka hivi?" mama yake akasema. "Njoo hapa. Hebu nione masikio. Huko hawana maji? Kucha hizi za kuchimbia viazi? Kaa."

Mtoto akakaa katikati ya magoti yake, akajiachia, mabega yote yakashuka. Saa nzima mama alifumua, akachana, akasuka, akakata kucha, akafoka. Na kila ufokaji mimi nikatafsiri. Kucha za kuchimbia viazi kwa lugha yao zinasikika vibaya sana.

Ripoti tulisomewa wiki ya tatu. Nilipaswa kumtafsiria Mama Kijiko na nilitafsiri yote. Mama hamtazami mtoto machoni. Mama anakagua mwili wa mtoto. Mama amemkaripia mtoto mara kumi na nne ndani ya saa moja. Mama hajamkumbatia wala kumwambia neno la upendo. Mtoto anamwogopa mama, anatazama chini. Wakati huo huo mama wa muda anaeleza kwamba mtoto anakula vizuri na anachagua mwenyewe saa ya kulala.

"Anachagua mwenyewe?" Mama Kijiko akauliza. "Mtoto wa miaka saba anaulizwa atalala saa ngapi? Na yeye anajua?"

Nikacheka, na yeye akacheka, kisha uso wake ukaanguka. Aliniuliza maneno ya mwisho yana maana gani, nikamwambia: wakiendelea kuona hivi, hatarudi.

Kazini alianza kuharibikiwa. Mtu ambaye hajawahi kuacha mkunjo aliunguza mashuka matatu siku moja, alama ya pasi katikati, kahawia. Msimamizi akamsema. Hata hakumsikia. Saa ya kula alikuja mezani kwangu, akanishika mkono kwa nguvu mpaka nikaumia.

"Dada, wanataka nini hawa? Wewe unawajua. Niambie wanachotaka nikifanye. Wakitaka nitambae, nitatambaa."

Ningemwambia sijui. Lakini nilikuwa na deni la ule mdomo wangu, nikataka kulilipa haraka. Nikasema, "Nitakufundisha."

Basi wiki tatu, kila saa ya kula, kati ya mashine za kukaushia na rafu za foronya, nilikuwa mtoto. Mimi, mwanamke mzima, na mwili wangu huu, nasimama mikono nyuma, na Mama Kijiko anapiga magoti mbele yangu.

"Nitazame machoni," namwambia.

"Kwani mimi daktari wa macho?"

"Nitazame. Sasa tabasamu. Sema, nakupenda."

"Nikimwambia hivyo atadhani naumwa."

"Sema."

"Nakupenda," anasema, kwa sauti ya mtu anayetaja namba ya kitambulisho. Wasichana wanaanguka kwa kicheko nyuma ya mataulo. Tunarudia.

Nikamfundisha kukumbatia mtu aliyesimama. Nikamfundisha kusifu. Akionyeshwa mchoro, aseme ni mzuri sana. "Na ukiwa mbaya?" Mzuri sana. "Nimdanganye mtoto?" Mdanganye. Nikamfundisha kuuliza badala ya kuamuru: ungependa tucheze nini? Unajisikiaje? Hilo la unajisikiaje lilimshinda siku nyingi, alikuwa anamalizia na "au una homa?" Nikamkataza masikio, nikamkataza kucha, nikamkataza shingo. Kikata kucha alinipa mimi nikamtunzie, asije akajisahau. Alijifunza kama alivyojifunza kila kitu maishani mwake, kwa kung'ang'ania, anatembea kwenda kwenye choo cha wafanyakazi huku midomo inacheza: nakupenda, mzuri sana, nakupenda.

Alhamisi ya saba alikuwa tayari. Ya nane ilikuwa ya mwisho kabla ya kikao, na Bibi Kalamu alituambia hizo mbili ndizo zitakazopimwa. Mama Kijiko alivaa blauzi ya maua, akapaka midomo rangi, kitu ambacho sijawahi kumwona nacho. Mikono yake ilikuwa mitupu, na hakujua aiweke wapi.

Kijiko akaingia, akafika katikati ya chumba, akasimama, macho chini. Na nilimwona, nywele zimemtoka pembeni, wino kwenye shavu, kamba ya kiatu inaburuta. Aliacha vile kwa makusudi, nina hakika. Alijiandaa kusemwa.

Mama yake akapiga magoti. Akamshika mabega. Akamtazama machoni, akatabasamu.

"Nakupenda, mwanangu," akasema. "Nakupenda sana. Unajisikiaje leo?"

Nikatafsiri kwa Bibi Kalamu, na nikasikia kalamu ikianza kwenda, na moyoni nikasema, tumepata.

Mtoto akainua macho. Akamtazama ile rangi ya midomo.

"Kamba imefunguka," akasema.

"Hata hivyo unapendeza. Ungependa tucheze nini?"

"Nina wino hapa." Akajionyesha shavu.

"Mzuri sana," akasema Mama Kijiko, na sauti yake ilikwaruza. Kidole gumba chake kilikuwa kinataka kwenda kwenye ule wino na yeye anakizuia.

"Mama, nigombeze," Kijiko akasema, taratibu sana.

Nilitafsiri, nikasema mtoto anataka wazungumze. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza.

"Siwezi kukugombeza, mwanangu," mama yake akasema, bado anatabasamu, machozi yanateremka juu ya tabasamu. "Nakupenda." Akamvuta, akamkumbatia vile nilivyomwonyesha, mkono mmoja juu, mmoja chini.

Mtoto akawa mgumu kama ubao wa pasi. Akajichomoa, akarudi nyuma hatua mbili, akaanza kulia kwa sauti, akanigeukia mimi, ambaye huniita shangazi. "Huyu siyo mama yangu. Shangazi, mama yuko wapi?"

Bibi Kalamu akainua kichwa. "Amesema nini?"

Nikasema, "Anasema amemkumbuka sana mama yake."

Basi yule mtoto, aliyelelewa kusema kweli hata kama itamletea kibao, akajifuta uso, akamgeukia Bibi Kalamu na kumwambia kwa lugha yao, wazi kabisa, maneno mazuri ya shuleni: "Sikusema hivyo. Nimesema huyu siyo mama yangu. Nataka kutoka."

Bibi Kalamu aliandika. Sikumwona akifurahia. Mlango ukafunguliwa, mama wa muda akainama, na Kijiko akaenda kuuficha uso wake kwenye tumbo lake.

Nje, kwenye ngazi za ofisi, Mama Kijiko alikaa chini bila kutandika chochote. Rangi ya midomo ilikuwa imefika kidevuni.

"Dada, nimekosea wapi?" akaniuliza. "Nimefanya vile vile ulivyonifundisha."

Nilitaka kumwambia hakukosea. Nilitaka kumwambia nirudishe nyuma wiki zote, nikuache umkate kucha mbele yao mpaka waelewe au washindwe kuelewa. Nikasema tu twende nyumbani. Alinifuata kama anavyofuata mtoto, na barabarani nilimshika mkono.

Alhamisi ya nane Kijiko alikataa kuja. Kikao kilichukua dakika arobaini. Mimi hawakunipa tena kutafsiri, walileta mkalimani wa kazi, kijana msafi, aliyesomea. Alitafsiri sawasawa. Mama ameonyesha maendeleo makubwa na anapongezwa. Hata hivyo mtoto haonyeshi ukaribu na mama yake, na amesema kwa maneno yake mwenyewe kwamba hamtambui. Abaki alipo. Hali itaangaliwa tena baada ya mwaka. Kuonana ni mara moja kwa mwezi.

Mama Kijiko alimwuliza yule kijana kitu kimoja tu. Alipongezwa kwa nini, kama mtoto hapewi? Kijana akatafsiri. Wakakusanya karatasi zao.

Ni mwezi wa tano sasa tangu kikao. Anapiga pasi, haunguzi tena mashuka, na pale kazini hamkazii mtu macho. Kijiko anakuja kwenye kile chumba cha manjano na kukaa kwenye kiti kidogo, anamjibu mama yake kwa lugha yao, na mimi, waliyenirudisha kwa sababu kijana ana kazi nyingi, natafsiri baina ya mtu na mwanawe. Mama anasema nakupenda. Mtoto anasema asante. Hawagombani.

Mara ya mwisho Kijiko alikuwa na mafua. Saa ilikuwa imeisha, mama wa muda ameshaingia kumchukua, na kamasi zilikuwa zinamteremka mtoto mpaka kwenye mdomo. Mama Kijiko aliinua mkono, kisha akaurudisha kwenye paja lake, akanitazama.

"Dada, niulizie," akasema. "Naruhusiwa kumfuta?"

Nikamgeukia Bibi Kalamu, nikatafuta neno la kamasi kwa lugha yao, likanipotea kidogo, nikalipata, nikauliza. Akasema bila shaka, anaruhusiwa. Nilipogeuka kumwambia, mama wa muda alikuwa ameshamfuta.